USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA
Uongo unaosemwa juu ya chokoleti ya hali ya juu



Wenzetu wengi wanaochuma na kuvundika kakao hapa Bundibugyo, na ng'ambo ya mpaka huko Beni, hawajapata kuonja hata kipande kimoja cha chokoleti ya hali ya juu. Si ajabu. Huko Ulaya na Marekani paketi moja ya gramu 70 ya chokoleti ya namna hiyo huuzwa kwa dola 6, dola 8 na hata zaidi. Tupige hesabu kidogo. Ikiwa ni chokoleti ya asilimia 70 ya kakao, kilo moja ya kokwa zetu kavu, baada ya kutoa maganda na taka, yatosha kutengeneza paketi kama 15. Maana yake ni kwamba kilo moja ya kokwa hugeuka kuwa bidhaa ya dola 90 au zaidi dukani. Kila mmoja wetu anajua alilipwa nini kwa kilo hiyo.

Hatusemi kwamba fedha hizo zote ni faida. Kuna meli, ushuru, umeme, sukari, karatasi, kodi ya duka, na mishahara ya wafanyakazi wenzetu wa viwandani ambao nao wana madai yao. Lakini mnunuzi wa dukani hukubali kutoa fedha hizo kwa sababu ya maneno anayoambiwa juu ya chokoleti. Baadhi ya maneno hayo ni kweli. Mengi ni nusu ya kweli, na mengine ni uongo mtupu. Na karibu yote yana tabia moja: yanaificha kazi ya shambani. Kazi isiyojulikana haina wa kuilipa vizuri. Kwa hiyo yafaa tuuchambue uongo huo mmoja mmoja, ili siku tutakapokaa mezani na mwajiri au mnunuzi tujue tunachouza ni kitu gani.

UONGO WA KWANZA: CHOKOLETI BORA NI YA UBELGIJI NA USWISI

Mkakao hauoti Ubelgiji wala Uswisi. Asili yake ni misitu ya bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini, na hustawi tu katika ukanda wa joto na mvua, usiopita sana nyuzi 20 kaskazini au kusini ya Ikweta. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka nchi mbili tu, Kodivaa na Ghana. Uganda, Congo na Tanzania hutoa kidogo ukilinganisha na hizo, lakini kokwa za huku hutafutwa na watengenezaji wa chokoleti ghali. Kampuni ya Original Beans ya Ulaya, kwa mfano, imeuza chokoleti iitwayo Cru Virunga iliyotengenezwa kwa kakao ya mashariki ya Congo.

Hatuwanyimi Waswisi sifa zao. Daniel Peter ndiye aliyefaulu kutengeneza chokoleti ya maziwa mwaka 1875, na Rodolphe Lindt mwaka 1879 aligundua mashine ya kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi mpaka ikawa laini mdomoni. Nao Wabelgiji ni mafundi hodari, na kiwanda cha chokoleti kilicho kikubwa kuliko vyote duniani kiko kwao, katika mji wa Wieze.

Ila yafaa tutofautishe kazi mbili. Iko kazi ya kununua kokwa, kuzikaanga, kuzisaga na kupata chokoleti. Na iko kazi ya kununua chokoleti iliyokwisha tengenezwa, kuiyeyusha na kuiunda upya pamoja na karanga, krimu au matunda. Maduka mengi yenye majina makubwa Ulaya hufanya hii ya pili. Si dhambi, ni ufundi halali. Kosa ni pale mwenye duka anapojisifu kana kwamba kila kitu kimeanzia kwake.

UONGO WA PILI: LADHA HUTENGENEZWA KIWANDANI

Huu ndio uongo unaotuumiza zaidi, nao nitauchukulia nafasi.

Tunda la kakao likipasuliwa, ndani mna mbegu kati ya 30 na 40 zilizofunikwa na utelezi mweupe mtamu. Ukizikausha mbegu hizo hapo hapo na kuzikaanga, hutapata ladha ya chokoleti hata ukizipeleka kwa fundi gani. Zitakuwa kali, chungu, zenye kukausha ulimi. Ladha huanza kujengwa pale tunapozirundika kwenye sanduku la mbao au juu ya majani ya migomba na kuzifunika.

Kwanza hamira za asili, ambazo huja zenyewe kutoka hewani, mikononi na kwenye majani, hula sukari ya ule utelezi na kuigeuza kuwa kileo. Utelezi hulainika na kutiririka chini. Kisha rundo likigeuzwa hewa huingia, na vijidudu vingine hugeuza kile kileo kuwa siki. Kazi hiyo hutoa joto kali, linalofika nyuzi 45 hadi 50 za Sentigredi. Siki na joto hupenya ndani ya mbegu, chipukizi lililomo hufa, na vitu vilivyokuwa vimetengana ndani ya mbegu huanza kuchanganyika. Hapo ndipo vinapozaliwa vile ambavyo baadaye vikikaangwa hutoa harufu ya chokoleti. Mambo haya huchukua siku tano, sita au saba. Ukiwahi, kokwa hubaki na rangi ya kijivu au zambarau na ukali wake. Ukichelewa, hunuka uvundo.

Halafu huja kuanika. Kokwa zikikaushwa haraka mno, uchachu hufungiwa ndani. Zikikaushwa polepole mno, hasa wakati wa mvua, huota ukungu. Zikianikwa juu ya moto unaovuja moshi, hushika harufu ya moshi. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 7 na nusu. Kwa siku saba au zaidi mtu hana budi kuzigeuza, kuzichambua, na kukimbia kuzifunika wingu likitanda. Mara nyingi mtu huyo ni mama, na mara nyingi jina lake halimo katika daftari lolote la malipo.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kiwanda chenye mashine za mamilioni chaweza kuongeza sukari, maziwa na vanila ili kufunika kasoro. Hakiwezi kuondoa ladha ya ukungu wala ya moshi ikishaingia ndani ya kokwa. Wala hakiwezi kuingiza ladha ambayo mvundikaji hakuiumba. Fundi mzuri wa Ulaya huilinda kazi iliyofanyika shambani, na fundi mbaya huiharibu, lakini hakuna anayeweza kuianza upya.

Mvundikaji wetu mara nyingi hana kipimajoto. Hutia kiganja ndani ya rundo, hunusa, hutazama rangi, akajua leo ligeuzwe au lingoje. Mvuke wa siki humwingia machoni, na kila kugeuza ni kuinua mzigo mzito uliolowa. Ujuzi huo haukuandikwa katika cheti chochote, na kwa sababu hiyo hulipwa kama kazi ya kubeba mawe.

Mahali pengine wameanza kuutambua. Katika kijiji cha Mbingu, bonde la Kilombero nchini Tanzania, kampuni ya Kokoa Kamili iliyoanzishwa mwaka 2013 hununua mbegu mbichi kwa wakulima, ikazivundika na kuzianika yenyewe mahali pamoja. Kokwa zake zimenunuliwa na watengenezaji wa chokoleti ghali wa Marekani na Ulaya. Udongo, mvua na miti ilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezwa ni uangalifu katika kuvundika na kukausha.

UONGO WA TATU: ASILIMIA KUBWA NDIYO UBORA

Paketi ikiandikwa 70, 80 au 85, watu hudhani tarakimu hiyo ni kama maksi za mtihani. Sivyo. Inaeleza tu ni sehemu gani ya chokoleti iliyotokana na kakao, yaani unga wake pamoja na mafuta yake. Iliyobaki, kwa chokoleti nyeusi, karibu yote ni sukari. Kokwa zilizoota ukungu zaweza kutengeneza chokoleti ya asilimia 85, na kokwa nzuri kabisa zaweza kutengeneza ya asilimia 60. Tarakimu haikuambii lolote juu ya mkulima, siku za kuvundika wala malipo.

Hali kadhalika watu hutupa chokoleti wakiona weupe juu yake wakidhani ni ukungu. Mara nyingi ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu baada ya kupata joto na kupoa tena. Sura imeharibika, lakini inalika.

UONGO WA NNE: MBEGU ZENU NI DUNI

Wauzaji wa chokoleti ghali hupenda kusema kuna aina tatu za kakao: Criollo ya kifalme, Forastero ya kimaskini, na Trinitario iliyo mchanganyiko wao. Mnunuzi naye huyachukua maneno hayo na kuja kutupunguzia bei kwayo. Mwaka 2008 wataalamu wakiongozwa na Motamayor walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za mikakao mingi, wakaonyesha kuwa kuna makundi yasiyopungua 10. Wengi walioitwa Forastero kwa pamoja kumbe ni koo mbali mbali zenye ladha mbali mbali.

Mbegu ina sehemu yake, hatukatai. Lakini tazameni kisa cha Ecuador. Huko alikuwako mtaalamu wa kilimo aitwaye Homero Castro, ambaye mwaka 1965 alipata mkakao wenye kuzaa sana na kustahimili magonjwa, ukaitwa CCN-51. Wapenzi wa chokoleti waliudharau, wakisema hauna harufu ya ile kakao ya asili ya nchi hiyo iitwayo Nacional. Baadaye ikaonekana kuwa mbegu zake zina utelezi mwingi, hivyo zikivundikwa kwa desturi ile ile ya Nacional hutoka chachu. Waliojifunza kuupunguza utelezi kwanza na kupanga upya siku za kuvundika walipata kokwa zilizo bora zaidi. Haikuwa Nacional, lakini haikuwa tena takataka.

Kwa hiyo mnunuzi akikuambia kokwa zako ni za mbegu duni, mwulize kwanza kama amezikata akaziangalia.

UONGO WA TANO: BEI KUBWA NI DALILI YA UAMINIFU

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2006 mwandishi mmoja wa Texas, Marekani, aliichunguza kampuni iitwayo NoKa iliyokuwa ikiuza vipande vidogo vya chokoleti katika visanduku vya kifahari. Bei yake, ukihesabu kwa uzito, ilianzia dola 309 na kufika dola 2,080 kwa ratili moja. Yeye alifikia uamuzi kwamba kampuni hiyo haikuwa ikitengeneza chokoleti kutoka kwenye kokwa, bali ilinunua chokoleti ya kiwanda cha Bonnat cha Ufaransa, ikaiunda upya. Mwaka 2015 Mast Brothers wa Brooklyn, New York, waliojulikana kwa kutengeneza chokoleti kutoka kwenye kokwa, walikiri kwamba siku za mwanzo waliwahi kutumia pia chokoleti iliyotengenezwa na wengine. Mnunuzi alilipia kisanduku, hadithi na jina.

Wala msidhani kuwa bei ikipanda juu, hushuka hadi kwetu. Desemba 2024 tani moja ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000, yaani dola 12 kwa kilo. Wakati huo huo mkulima wa Kodivaa alilipwa bei iliyopangwa na serikali ya faranga 1,800 kwa kilo, ambayo ni karibu dola 3. Sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya mavuno huuzwa mapema kabla ya msimu, kwa bei ya siku hizo. Mwishoni mwa 2025 bei ya New York ilikuwa imekwisha anguka hadi karibu nusu ya ile ya kilele. Bei inapopanda sisi huambiwa tungoje. Inaposhuka tunashuka nayo siku hiyo hiyo.

UONGO WA SITA: KAMPUNI NJEMA, ALAMA NJEMA, BASI MAMBO NI SAFI

Cadbury wa Uingereza walikuwa watu wa dini, na wafanyakazi wao wa Bournville walijengewa nyumba nzuri na bustani. Kakao yao nyingi ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyokuwa chini ya Wareno. Huko walifanya kazi watu waliochukuliwa Angola kwa kile kilichoitwa mkataba, na karibu hawakurudi kwao. Kampuni ilianza kusikia habari hizo mwaka 1901. Mwandishi Henry Nevinson alikwenda mwenyewe na kuyatangaza aliyoyaona. Lakini Cadbury waliendelea kununua mpaka mwaka 1909 ndipo walipoisusia kakao hiyo. Mwaka huo huo ilisikilizwa kesi waliyokuwa wamelifungulia gazeti la Standard lililowaita wanafiki. Walishinda kesi, na baraza la mahakama likawapa fidia ya robo ya peni ya Kiingereza. Wafanyakazi wa Bournville walikuwa na bustani, na wenzao wa São Tomé hawakuwa hata na njia ya kurudi nyumbani. Kampuni ilikuwa ile ile.

Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia saini ahadi ya kukomesha kazi mbaya za watoto katika mashamba ya kakao, na 2005 ndio ulikuwa mwaka uliowekwa. Ahadi hiyo iliahirishwa tena na tena. Mwaka 2020 uchunguzi wa chuo kikuu cha Chicago ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi za kakao zisizowafaa nchini Kodivaa na Ghana katika msimu wa 2018/19.

Alama zinazobandikwa kwenye paketi zina faida yake. Fairtrade, mathalani, iliweka Oktoba 2019 bei ya chini ya dola 2,400 kwa tani na nyongeza ya dola 240 kwa chama cha wakulima. Bora kuwa nayo kuliko kukosa. Lakini tujue mambo mawili. Kwanza, kwa kakao huruhusiwa kuhesabu kwa uzito tu, yaani kokwa zilizomo ndani ya paketi yenye alama si lazima ziwe zile zilizotoka kwa chama chenye cheti. Pili, bei hiyo hulipwa chama cha wakulima. Kibarua aliyeajiriwa na mkulima kupasua matunda hapati chochote mpaka yeye na wenzake wadai.

UONGO WA SABA: CHOKOLETI NYEUSI NI DAWA

Ndani ya kakao vimo vitu vinavyosaidia mishipa ya damu kulegea. Hilo limethibitishwa. Lakini uchunguzi mkubwa wa Marekani uliohusisha watu wazima zaidi ya 21,000, matokeo yake yakatoka mwaka 2022, haukuonyesha kwa uhakika kuwa dondoo la kakao lilipunguza jumla ya maradhi ya moyo. Nao walimeza vidonge, hawakula chokoleti yenye sukari na mafuta.

Desemba 2022 jarida la walaji la Consumer Reports lilipima chokoleti nyeusi za aina 28 likakuta madini ya risasi na kadimiamu katika zote, na 23 zilikuwa na kiasi cha kutia wasiwasi kwa mtu anayekula kila siku. Habari hii inatuhusu sisi. Kadimiamu hunyonywa na mti kutoka udongoni. Ila madini ya risasi kwa sehemu kubwa huja baadaye, kwa vumbi na uchafu unaonata kwenye kokwa zinapoanikwa. Anayeanika kando ya barabara ya malori kwa kuwa hana mahali pengine, kasoro si yake peke yake. Hakuna aliyempa meza ya kuanikia.

TUFANYE NINI?

Matawi yetu yanaombwa kujadili mambo haya katika mikutano ya msimu huu:

Moja, kuvundika na kuanika kutajwe katika mikataba kuwa kazi ya ujuzi, yenye kiwango chake cha ujira, na akina mama wanaoanika waandikwe kwa majina yao wenyewe.

Mbili, mwajiri atoe masanduku, glavu, viatu na meza za kuanikia zilizoinuliwa mbali na vumbi la barabara. Anayetaka ubora atoe vyombo vya ubora.

Tatu, kokwa zikatwe mbele ya aliyezivundika. Desturi ya kimataifa ni kukata kokwa 300 katikati na kuhesabu zenye ukungu, za kijivu na zilizoliwa na wadudu. Kwa daraja la kwanza kila kasoro isizidi asilimia 3. Mnunuzi asishushe daraja kwa macho tu.

Nne, anayeuza mbegu mbichi apige hesabu kwanza. Kilo 100 za mbichi hutoa kilo 35 hadi 40 za kavu. Bei ya mbichi isiyofika theluthi moja ya bei ya kavu ni wizi wa mizani ya akili.

Tano, nyongeza za vyeti zisomwe hadharani katika mkutano, na sehemu ya vibarua itajwe.

Sita, kila tawi linunue walau paketi moja ya chokoleti ya hali ya juu, likatwe vipande vidogo na kila mvundikaji aonje. Si anasa. Fundi asiyejua kazi yake huishia wapi hawezi kuitetea bei yake.

Mnunuzi akija safari hii kusema kwamba kakao ni kakao tu, tumjibu kwa hesabu hizi. Umoja ni nguvu.